Pango Lina Wenyewe



Ukisikia neno hekalu, mawazo yako yanakwenda kwenye jengo: ukuta, paa, mlango, na pengine kengele. Lakini zipo nyumba za ibada ambazo hakuna fundi aliyezijenga. Mwenyezi Mungu aliweka jiwe, mvua na upepo vikalitoboa tumbo, binadamu akaja kutafuta kivuli, akaingia, na kabla hajatoka akawa amekwisha kuomba. Nyumba za namna hiyo ziko India, ziko China, ziko Sri Lanka. Na ziko hapa kwetu, safari ya siku moja kwa basi kutoka Singida mjini. Tofauti ni kwamba wenzetu wanajua za kwao ziko wapi na nani ameshika ufunguo.

Nianze na hao wenzetu. Katikati ya kisiwa cha Sri Lanka, mahali panapoitwa Dambulla, upo mwamba mkubwa unaosimama peke yake juu ya tambarare. Chini ya ukingo wa mwamba huo kuna mapango matano ya ibada ya Wabudha. Wanasimulia kwamba katika karne ya kwanza kabla ya Kristo mfalme mmoja, Valagamba, alinyang'anywa ufalme wake na wavamizi akakimbilia huko, watawa wakamhifadhi. Aliporudi madarakani hakuwasahau; aliyageuza mapango yale kuwa hekalu. Leo mna sanamu zaidi ya 150, na michoro ya ukutani na darini yenye eneo la mita za mraba 2,100. Katika pango la kwanza Budha amelala ubavu, urefu wake unakaribia mita 15, na amechongwa katika jiwe lilelile la mlima. UNESCO iliuingiza mwamba huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991.

Lakini si sanamu zilizonivutia niliposoma habari za Dambulla. Kilichonivutia ni kwamba mle ndani watu bado wanaomba. Mtalii anayetoka Ulaya na kamera yake shingoni anavua viatu mlangoni kama anavyovua bibi kizee wa kijiji cha jirani aliyeleta maua. Zaidi ya miaka 2,000 pango halijabaki bila mwenyewe. Si kwamba hakuna ugomvi. Watawa na wataalamu wa mambo ya kale wamevutana mara nyingi juu ya nani mwenye kauli: mmoja anaona hekalu, mwingine anaona michoro inayoharibika. Lakini hata ugomvi huo ni dalili njema. Watu hawagombanii kitu kilichokwisha kutupwa.

Wabudha, kwa njia, si wageni kabisa hapa nchini. Pale Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lao, na mizizi yake ni jumuiya ndogo ya Wasinhala walioingia nchini zamani za ukoloni. Wengi wetu tumepita pale tukidhani ni nyumba ya Mhindi fulani.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuje kwetu. Mwezi wa tisa nilichukua likizo yangu, nikaacha watoto kwa dada yangu, nikapanda basi peke yangu asubuhi kwenda Kolo, wilaya ya Kondoa. Kutoka Singida unapita Katesh, Mlima Hanang ukiwa ubavuni, unateremka Babati, halafu unashika barabara ya kusini, ile ya Dodoma. Hiyo ndiyo sehemu yetu ya njia ambayo Waingereza waliiita ya Kepi mpaka Kairo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na matope, na aliyesafiri Kondoa wakati wa masika hasahau. Lami ilizinduliwa mwaka 2018. Leo mtu anakwenda na kiatu cheupe na kinarudi cheupe.

Mwanamke wa makamo akisafiri peke yake katika nchi hii hana budi kutoa maelezo. Kondakta aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kuangalia mawe. Akanyamaza kidogo. Mama aliyekaa jirani yangu, mwenye tenga la kuku miguuni, akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia hapana, mama, namshukuru Mungu. Akaniambia basi kama ni mambo ya watoto wangu kazini, nisione haya, wengi wanakwenda Kolo kwa jambo hilo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa abiria wenzangu Kolo haikuwa makumbusho. Ilikuwa mahali pa kupeleka shida.

Pale Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale na chumba kidogo cha maonyesho. Hupandi mwambani bila kuandika jina na kupewa mwongoza wageni, na utaratibu huo ni mzuri. Nilipewa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na makubadhi ya tairi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanitazama viatu. Tulikwenda kwa bodaboda mpaka njia ilipoishia, halafu tukapanda kwa miguu. Kilima ni kikali. Mzee alikuwa akinisubiri kila baada ya hatua hamsini, kwa adabu, akijifanya anatazama ndege.

Huko juu ndiko kuliko Mungomi wa Kolo. Usitazamie mlango na giza la ndani kama pango la hadithi. Ni mwamba mkubwa uliojikunja mbele kama ukingo wa kofia, na chini ya ukingo huo kuna ukuta laini usiopigwa na mvua. Katika ukuta huo kuna watu. Ni wembamba, warefu, rangi yao nyekundu ya udongo, wengine vichwa vyao vimevimba kama waliovaa nywele za kifahari au vinyago. Kuna wanyama pia, na mkono uliowachora ulikuwa mkono wa mtu aliyemjua mnyama kwa kumfuata, si kwa kumwona kitabuni. Juu ya wekundu huo, mahali pengine, kuna weupe mzito uliopakwa kwa vidole, na huo ni wa baadaye, wa wakulima na wafugaji waliofika nyuma.

Katika miamba hii ya Kolo upo mchoro mmoja wa watu watano ambao umesumbua wasomi. Mary Leakey alikuja hapa na mumewe Louis mwaka 1951, akakaa miezi akinakili michoro ya Kondoa kwa mkono, na kazi hiyo ilitoka kitabu mwaka 1983. Yeye aliona katika watu wale watano kisa cha mwanamke anayenyang'anywa: wawili wanamvuta upande mmoja, wawili upande mwingine wanamzuia. Wengine waliokuja baadaye wanasema hapana, hiyo ni ngoma ya uganga, mtu amepandisha na wenzake wamemshika asianguke. Mimi si msomi wa mambo hayo. Lakini nimewahi kuona mtu aliyepandisha, na nimewahi kuona msichana anayenyang'aniwa na pande mbili, na niliposimama mbele ya ukuta ule moyo wangu ulikwenda upande wa ngoma.

Nani aliyechora? Wataalamu wengi wanaihusisha michoro myekundu na wawindaji wa zamani, mababu wa watu kama Wasandawe na Wahadzabe. Wasandawe mpaka leo ni majirani zetu, mpakani mwa Singida na Dodoma. Wahadzabe wengine wako ndani ya mkoa wetu hasa, huko Munguli, wilaya ya Mkalama. Mtafiti Eric ten Raa aliyeishi na Wasandawe aliandika mwaka 1971 kwamba alikuta miongoni mwao watu waliokuwa bado wakichora mwambani. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya watu wa kale, tuangalie tusije tukawa tunamzungumzia jirani.

Michoro ya Kondoa ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1937, mkoloni akiwa bado anatawala. Mwaka 2006 UNESCO ikaiandika katika Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336, lenye miamba ya michoro zaidi ya 150. Hayo utayakuta hata kwenye vitabu vya watalii. Ambayo hutayakuta kwa urahisi ni yale niliyoonyeshwa na mzee nyuma ya mwamba.

Hatua chache kutoka kwenye michoro kuna uwazi mwembamba kati ya mawe. Hapo ndipo watu wa Kolo wanapotambika. Tuliinama. Kulikuwa na unga uliomwagwa, umeanza kubebwa na sisimizi, na kipande cha kibuyu. Mvua zikichelewa, wazee wa Kirangi na wa Kiasi huja hapa kumwomba Mungu, na waganga huleta wagonjwa wao. Waasi hao, au Waalagwa kama wanavyojiita wenyewe, tangu zamani wana jina la kuwa mafundi wa mvua, na Warangi waliwafuata kwa shughuli hiyo. Nilimwuliza mzee kama na yeye huja kutambika. Akaniambia, mwanangu, mimi swala tano sizikosi, na Ijumaa utanikuta msikitini. Kisha akanyamaza, akachukua jani akafukuza sisimizi kwenye unga. Akaongeza: lakini shamba langu liko hapo chini, na wewe umeona lilivyo.

Sasa hapo ndipo penye tatizo, na ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Anayetambika humwaga pombe ya mtama, na huirusha kwa kuipuliza kinywani. Zamani na hata baadaye pombe hiyo imefika kwenye michoro yenyewe. Mtaalamu wa Mambo ya Kale anaona tone la pombe likiteremka juu ya kichwa cha mtu aliyechorwa maelfu ya miaka iliyopita, na moyo unampasuka. Yuko sawa. Kwa upande wa pili, mzee wa tambiko anaambiwa kwamba mahali alipopelekwa na babu yake sasa ni mali ya dunia, na yeye aombe ruhusa ofisini. Naye, jamani, yuko sawa. Emmanuel Bwasiri, Mtanzania aliyelifanyia utafiti jambo hili hili la Mungomi wa Kolo, aliandika mwaka 2011 kwamba usimamizi wetu umeelekea mno kwenye jiwe na rangi, ukawaacha nje watu ambao kwao mahali pale bado panaishi. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilirekebishwa 1979. Inajua kumlinda mchoro. Mtu mwenye kibuyu haijui imweke wapi.

Wako watakaosema: hao wa tambiko waondolewe, weka uzio, mambo yamekwisha. Ndugu zangu, uzio ulikwisha kujaribiwa. Baadhi ya miamba ya Kondoa ilizungushiwa vizimba vya waya. Waya ukaondoka. Kijijini waya una kazi nyingi, na jiwe lililofungiwa ndani halikuwa tena la mtu yeyote pale kijijini, kwa hiyo hata aliyeuchukua hakuona kwamba ameiba kwa jirani. Mlinzi mmoja wa serikali hawezi kulala kwenye miamba 150. Lakini mtu anayeamini kwamba jiwe lina wenyewe wasioonekana, huyo hata usiku wa manane halichezei.

Natoa mfano wa kwetu. Katika kata moja ya mkoa wa Singida, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu nisingependa kuwapa watu ramani, kuna jiwe lenye michoro myekundu michache, imefifia. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kulinyooshea kidole. Wazee waliokuwa wakiomba mvua pale wamekufa karibu wote. Watoto wao wengine ni watu wa kanisa, wengine wa msikiti, na wamefundishwa kwamba mambo yale ni ya shetani. Siwalaumu, na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Lakini jiwe lilipokosa mwenye kuliogopa, walifika watu wa rupia.

Hao mnawajua. Ni wale wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza alifukia dhahabu na fedha, na kwamba alama za mahali alipofukia ni hiyo michoro ya kwenye mawe. Huja na kifaa cha kupima, na mganga wa kukodi, na sururu. Nimeliona shimo lao kwa macho yangu: mtu mzima akiingia anabaki kichwa. Udongo wote waliotoa, wenye vipande vya mawe ya kale yaliyochongwa na vigae vya vyungu, wameutupa mtelemkoni. Kwa mchimbaji ule ni uchafu. Kwa mtaalamu ule ni kitabu, na kurasa zake sasa zimechanganywa na hakuna atakayezipanga tena. Hata Mungomi wa Kolo haikusalimika na watu wa imani hiyo. Na pale walichimba katika mwamba wenye jina duniani.

Fikiri kidogo hesabu ya hao watu wa rupia. Michoro ile ilikuwapo kabla Ujerumani haijawa nchi. Mjerumani aliyekuwa anakimbia risasi za Waingereza na Wabelgiji angepata wapi nafasi ya kukaa kuchora twiga kwa ustadi ule? Lakini mwenye njaa ya rupia humwambii kitu.

Pale jirani zetu wa Isanzu, huko Mkalama, mambo yalikuwa na mpango wake. Kirumi ni kijiji cha mvua. Shughuli yake ya asili iko mikononi mwa watu wawili, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja wa kitemi, kwa kuwa Waisanzu wanaona kwamba mvua, kama mtoto, haipatikani kwa mmoja. Msomi Todd Sanders aliandika kitabu kizima juu yao, kikatoka mwaka 2008. Kimeandikwa kwa Kiingereza, huko ng'ambo. Ukitaka kujua habari ya mvua ya Mkalama, kwa hiyo, uwe na kamusi.

Mimi naona hivi. Kwanza, tambiko lisiondolewe Mungomi, lisogezwe. Uwazi wa nyuma ya mwamba upo, na wazee wenyewe wanautumia. Wakiitwa wakakaa na watu wa Mambo ya Kale kama watu wawili wenye nyumba moja, wakakubaliana kwamba pombe ibaki nyuma na michoro iachwe kavu, watalisimamia neno hilo kuliko kibao chochote cha bati. Ila lazima liwe neno lao. Mzee wangu wa kofia ya kiua alikuwa akifanya kazi hizo mbili kwa wakati mmoja, ya kuongoza wageni na ya kuchunga unga wa watu usiliwe na sisimizi, wala sikuona akipata taabu.

Pili, sisi wa Singida tuna kazi ambayo haihitaji mfadhili. Halmashauri zetu, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na nyingine, zinajua idadi ya majosho na visima. Ziandike na mawe. Mtendaji wa kijiji akiitisha wazee watano chini ya mti kwa siku moja, atayapata yote: lipi lina michoro, lipi la mvua, lipi limekwisha kuchimbwa, lipi linapasuliwa kokoto. Maana kokoto nazo zinakuja. Mji unakua, nyumba zinahitaji msingi, na akina mama wanaoponda mawe kandokando ya barabara wana watoto wa kulisha. Hakuna aliyewaambia lipi ni jiwe tu na lipi si jiwe tu.

Najua wapo wasikilizaji wanaoona kwamba natetea ushirikina. Wiki iliyopita nilipodokeza mada hii, msikilizaji mmoja alinipigia simu akaniuliza kama nimeacha dini. Napenda kumjibu kwa heshima. Yule Mzungu anayevua viatu Dambulla hajawa Mbudha. Amevua kwa sababu nyumba ina wenyewe, nao wapo, na wanamtazama.

Kabla ya kushuka, mzee alinionyesha bonde lote la Kolo kutoka juu, mashamba ya rangi ya kahawia yakisubiri. Nikamwuliza ni nani atakayeshika kazi yake yeye akichoka. Akasema ana mjukuu, kijana mwepesi, anaijua njia hata gizani. Nikamwuliza, na ule uwazi wa nyuma, naye anaujua? Akasema bado. Anasubiri kijana atimize umri, na anasubiri pia aache kuvaa visikio vya simu anapozungumza na wakubwa. Kisha akaniambia tushuke, kwa sababu bodaboda aliyetuleta ndiye huyo mjukuu, na akichelewa kupata abiria wengine atanuna.